SOMO LA AFYA YA MACHO: Maji ya Haidrojeni na Ugonjwa wa Kurithi wa Retina

Maji yaliyotiwa gesi ya haidrojeni yanauzwa siku hizi katika chupa na mifuko maalumu, kama vidonge vya kutia majini, na hata kwa mashine za kuweka nyumbani. Baadhi ya wanaoyatangaza huyataja kuwa tiba ya magonjwa mengi, yakiwemo ya macho. Kwa familia yenye mtoto au mzazi anayepoteza uwezo wa kuona kidogo kidogo, tangazo la namna hiyo haliwezi kupita hivi hivi. Linaleta tumaini, na pia linagusa pesa za karo, za mbegu au za kodi ya nyumba.

Somo hili linaeleza wazo hilo limetoka wapi, limefika wapi katika utafiti, na familia ifanye nini kwa sasa. Baada ya kulisoma, mkazi ataweza:

- kueleza retina ni nini na ugonjwa wake hurithiwa vipi;
- kutofautisha matokeo ya panya na tiba iliyothibitishwa kwa watu;
- kumhoji muuzaji kabla ya kutoa pesa;
- kujua huduma za kutafuta bila kuchelewa.

1. Retina na ugonjwa wake

Retina ni utando mwembamba uliotanda ndani ya jicho, upande wa nyuma. Mwanga ukipita kwenye mboni na lenzi hutua hapo. Seli za retina huugeuza kuwa ishara, na ishara hizo husafiri kupitia neva ya jicho hadi kwenye ubongo.

Seli zinazopokea mwanga ni za aina mbili. Seli fimbo hufanya kazi penye mwanga hafifu, na hutusaidia pia kuona vitu vya pembeni. Seli koni hufanya kazi penye mwanga mwingi: kutambua rangi, kusoma maandishi, kutambua uso wa mtu. Koni zimesongamana zaidi katikati ya retina.

Magonjwa ya kurithi ya retina hutokana na hitilafu katika jeni, yaani maagizo ambayo mwili hupokea kutoka kwa wazazi. Jeni zinazohusika ni zaidi ya 250. Ugonjwa unaojulikana zaidi katika kundi hili ni retinitisi pigmentosa, ambao humpata takriban mtu 1 kati ya 4,000 duniani.

Katika ugonjwa huu, seli fimbo ndizo hufa kwanza kwa kawaida. Mgonjwa huanza kujikwaa jioni na kushindwa kutembea gizani wakati wenzake wanatembea. Baadaye uwezo wa kuona pembeni hupungua, hadi anaona kama mtu anayechungulia kupitia bomba. Miaka inavyopita, seli koni nazo huanza kufa, na hapo kusoma na kutambua nyuso huwa vigumu.

Jambo moja limewashughulisha watafiti kwa muda mrefu. Mara nyingi jeni yenye hitilafu hutumiwa na seli fimbo peke yake. Kwa nini basi koni zife? Maelezo mojawapo yanahusu oksijeni. Seli fimbo ni nyingi mno na hutumia oksijeni nyingi. Zikifa, damu haipunguzi oksijeni inayoileta. Ni kama mfereji wa kunyunyizia shamba kubwa: mazao mengi yakikauka na maji yakaendelea kuja kwa wingi ule ule, machache yaliyobaki huoza mizizi. Oksijeni iliyozidi huzalisha kemikali kali ziitwazo radikali huru, ambazo huharibu seli koni. Uharibifu huo huitwa mkazo wa oksidisheni. Hapa ndipo wazo la haidrojeni linapoingia.

2. Unavyorithiwa

Ugonjwa huu hauambukizwi. Hautokani na kurogwa wala laana, na mama hana kosa. Hurithiwa kwa njia tatu kuu:

- *Wazazi wote wawili wamebeba jeni yenye hitilafu bila wao kuugua.* Kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Ndiyo maana ugonjwa unaweza kutokea katika ukoo ambao haujawahi kuuona. Uwezekano huu huongezeka wazazi wakiwa jamaa wa karibu wa damu.
- *Mzazi mmoja mgonjwa hupitisha jeni moja inayotosha kuleta ugonjwa.* Kila mtoto ana uwezekano wa 1 kati ya 2.
- *Jeni iko kwenye kromosomu ya X.* Mama aliyeibeba anaweza kuwa na dalili kidogo au asiwe nazo kabisa, lakini kila mwanawe wa kiume ana uwezekano wa 1 kati ya 2 wa kuugua. Baba mgonjwa hawapitishii wanawe wa kiume ugonjwa huu.

Tahadhari: si kila asiyeona usiku ana ugonjwa wa kurithi. Upungufu wa vitamini A nao huleta upofu wa usiku, na huo hutibika. Ndiyo sababu watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa vitamini A kila baada ya miezi 6 katika vituo vya afya. Mtoto wa jicho na haja ya miwani pia hupunguza uwezo wa kuona, na yote mawili yana tiba. Anayenunua maji ya haidrojeni kabla ya kupimwa macho huenda anaacha tiba inayojulikana iliyo karibu naye.

3. Wazo la haidrojeni lilianzia wapi

Haidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote, isiyo na rangi, harufu wala ladha. Mwaka 2007, watafiti wa Chuo cha Tiba cha Nippon nchini Japani, wakiongozwa na Shigeo Ohta, walichapisha utafiti katika jarida la Nature Medicine. Walionyesha kwamba gesi hiyo inaweza kupunguza nguvu ya radikali huru iliyo kali kuliko nyingi, iitwayo haidroksili, bila kugusa zile ambazo mwili huzihitaji kwa kazi zake. Panya waliovuta gesi hiyo baada ya damu kuzuiwa kufika kwenye ubongo walipata madhara madogo zaidi.

Kwa kuwa chembe yake ni ndogo sana, haidrojeni hupenya kwa urahisi kwenye tishu za mwili. Watafiti wakauliza: je, inaweza kufika kwenye retina? Mwaka 2010, watafiti nchini Japani walichapisha matokeo ya matone ya macho yenye haidrojeni yaliyotiwa kwa panya waliozuiwa damu kufika kwenye retina kwa muda. Gesi ilifika ndani ya jicho, na retina iliharibika kidogo kuliko ya panya wa kulinganisha.

Utafiti ulio karibu zaidi na somo letu ulichapishwa mwaka 2022 katika jarida la Scientific Reports. Panya wadogo waliozaliwa na ugonjwa wa kurithi wa retina walinyweshwa maji yenye haidrojeni ya miligramu 1.2 hadi 1.6 kwa lita. Wenzao wenye ugonjwa huo huo walitumika kwa kulinganisha. Panya waliokunywa maji ya haidrojeni walikutwa na retina nene zaidi na idadi kubwa zaidi ya seli koni zilizobaki. Jeni zinazohusika na kupokea mwanga nazo zilikuwa zikifanya kazi zaidi.

Haya ni matokeo ya kweli na yanatia moyo. Muuzaji anayesema kuna utafiti wa kisayansi kuhusu jambo hili hadanganyi. Upotoshaji huanza anapovuka kutoka kwa panya hadi kwa mtu bila kutaja hatua zilizo katikati.

4. Hatua zilizobaki kati ya panya na mtu

Tiba hupita ngazi kadhaa kabla ya kuidhinishwa: maabara, wanyama, watu wachache ili kupima usalama, kisha watu wengi waliogawanywa makundi mawili kwa kura. Kundi moja hupewa tiba. La pili hupewa kitu kinachofanana nayo kwa sura lakini kisicho na dawa ndani. Mgonjwa na daktari wote hawajui nani amepata nini hadi mwisho. Kwa retinitisi pigmentosa, maji ya haidrojeni hayajapanda hadi ngazi hiyo ya juu. Hayajaidhinishwa kuwa tiba ya ugonjwa huu.

Kuna sababu tatu za kutoziruka ngazi hizo.

*Kwanza, wazo zuri linaweza kuleta matokeo mabaya.* Vitamini E nayo hupambana na radikali huru, na kwa kufikiri tu ingepaswa kusaidia. Mwaka 1993, watafiti wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 601 wa retinitisi pigmentosa waliofuatiliwa kwa miaka 4 hadi 6. Waliopewa vitamini E kwa kipimo cha yuniti 400 kwa siku walionekana kupoteza uwezo wa retina haraka zaidi. Kama jaribio hilo lisingefanywa, huenda wagonjwa wengi wangeshauriwa kumeza kitu kinachowadhuru.

*Pili, ugonjwa huu huenda polepole.* Mara nyingi mabadiliko huonekana kwa miaka, si kwa wiki. Mtu akisema, "Nimekunywa kwa miezi mitatu na macho yangu hayajazidi kuharibika," huenda anasema kweli kabisa. Lakini hata aliyekunywa maji ya kawaida kwa miezi mitatu angeweza kusema vivyo hivyo. Ushuhuda wa mtu mmoja, hata akiwa mwaminifu, hauwezi kuonyesha tofauti hiyo. Ni kulinganisha makundi mawili kwa miaka ndiko kunakoionyesha.

*Tatu, kipimo cha panya si kipimo cha mtu.* Panya mdogo wa gramu 25 hunywa takriban mililita 4 za maji kwa siku. Tukikadiria kwa uzito peke yake, mtu wa kilo 60 angehitaji lita 9 au zaidi kila siku, kiasi ambacho kinaweza kuwa hatari kwa mwili. Wanasayansi hawahesabu kwa uzito peke yake, kwa kuwa mwili wa panya hufanya kazi kwa kasi kubwa kuliko wetu. Kipimo cha mtu hupatikana kwa majaribio ya watu, na muuzaji hawezi kukikisia.

Mfano wa njia inayofaa upo. Dawa iitwayo asetilisisteini, ambayo hutumika tangu zamani kulainisha makohozi, nayo hupunguza mkazo wa oksidisheni. Ilianza kujaribiwa kwa wanyama. Kisha ikapewa wagonjwa 30 wa retinitisi pigmentosa kwa wiki 24, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Baada ya hapo, mwaka 2023, likaanza jaribio kubwa la kimataifa lililopangiwa wagonjwa 438 na miezi 45 ya ufuatiliaji. Hata dawa hiyo, iliyotangulia sana, bado inachunguzwa, na wagonjwa hawashauriwi kujinunulia.

5. Ndani ya chupa kuna nini?

Haidrojeni haikubali kuyeyuka kwa wingi majini. Katika joto la kawaida na bila kushindiliwa kwa shinikizo, lita moja ya maji hubeba takriban miligramu 1.6 tu. Chupa ya nusu lita basi ina miligramu 0.8, ambayo ikitolewa majini ni kama mililita 10 za gesi: ujazo wa vijiko viwili vya chai.

Gesi hiyo hutoroka haraka chombo kikiachwa wazi, na hupenya hata kwenye plastiki. Maji yakichemshwa, huondoka yote. Kwa hiyo chupa ya plastiki iliyokaa dukani kwa wiki kadhaa inaweza kuwa na maji ya kawaida, na mnunuzi hawezi kujua kwa kuyaonja.

Jambo jingine wengi hawalijui: miili yetu hutengeneza haidrojeni kila siku. Bakteria walio tumboni huitoa wanapovunja vyakula kama maharagwe na mboga. Sehemu yake huingia kwenye damu na kutoka kwa pumzi, na madaktari huipima kwenye pumzi ili kujua kama mtu hawezi kusaga sukari ya maziwa. Kiasi hicho kinaweza kufika makumi au mamia ya mililita kwa siku. Hili halithibitishi kwamba maji ya haidrojeni hayana faida. Linaonyesha tu kwamba anayedai vijiko viwili vya gesi vitaokoa macho ana wajibu wa kuleta ushahidi.

6. Usalama

Haidrojeni iliyo kwenye maji ya kunywa, kwa kiasi kilichotajwa, haijulikani kuwa sumu. Hatari ziko kwingine:

- Usitie maji haya machoni. Matone yaliyotumika kwenye utafiti yalitengenezwa maabara. Maji ya chupa au ya mashine yanaweza kuwa na vijidudu vinavyoweza kuozesha kioo cha jicho. Vivyo hivyo kwa maziwa, asali na majani ya mitishamba.
- Usijitengenezee haidrojeni kwa betri na maji ya chumvi. Hutoa pia gesi ya klorini yenye sumu, na vyuma vinavyotumbukizwa huachia madini hatari majini. Haidrojeni yenyewe hulipuka ikikutana na moto.
- Haidrojeni haisafishi maji. Haiui vijidudu vya kipindupindu wala homa ya matumbo. Endelea kuchemsha maji au kuyatia dawa.
- Vidonge vingi vya haidrojeni vina magnesi. Mwenye ugonjwa wa figo asivitumie bila kumwona daktari.
- Usiache dawa au kliniki. Mtu mwenye presha ya jicho akiacha matone yake kwa ajili ya maji, anaweza kupoteza uwezo wa kuona ambao haurudi tena.

7. Jambo la kufanya sasa

Aina moja ya ugonjwa wa kurithi wa retina, inayotokana na jeni ya RPE65, ina tiba ya jeni iliyoidhinishwa nchini Marekani mwezi Desemba 2017, iitwayo Luxturna. Hufaa aina hiyo pekee, na bei iliyotangazwa ilikuwa dola 850,000 kwa macho mawili. Kwa walio wengi bado hakuna tiba ya kurudisha seli zilizokufa. Hata hivyo, yapo mengi yanayowezekana katika huduma zetu:

1. *Pima macho.* Anza kwa mhamasishaji wa afya ya jamii au zahanati iliyo karibu, uelekezwe hospitali yenye kliniki ya macho. Mweleze mhudumu kama kuna jamaa wenye tatizo kama hilo.
2. *Tibu kinachotibika.* Wenye retinitisi pigmentosa hupata mara nyingi mtoto wa jicho au uvimbe katikati ya retina. Vyote viwili vinaweza kushughulikiwa na kumwongezea mgonjwa miaka ya kuona vizuri zaidi.
3. *Usimeze vitamini kwa wingi bila ushauri.* Vitamini A nyingi hudhuru ini, na kwa mama mjamzito hudhuru mtoto aliye tumboni.
4. *Pima masikio pia.* Baadhi ya magonjwa haya, kama yale yaitwayo sindromu ya Usher, huathiri kusikia na kuona kwa pamoja.
5. *Mwambie mwalimu.* Mtoto akae mbele darasani, penye mwanga mzuri, apewe maandishi makubwa. Kujifunza breli na kutembea kwa fimbo nyeupe mapema humpa uhuru wake.
6. *Jisajili.* Aliyepoteza uwezo wa kuona anaweza kutathminiwa katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa, kisha kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 54 ya Katiba inampa haki ya kuheshimiwa, kupata elimu na kufika mahali pa umma.

8. Maswali matano kwa muuzaji

Kabla ya kutoa pesa, uliza:

1. Utafiti unaoutaja ulifanywa kwa panya au kwa watu?
2. Kulikuwa na kundi la kulinganisha? Lilifuatiliwa kwa muda gani?
3. Ulihusu ugonjwa huu hasa, au ugonjwa mwingine?
4. Bidhaa hii imesajiliwa kama dawa na Bodi ya Dawa na Sumu, au inauzwa kama kinywaji tu?
5. Nisipopona, utanirudishia pesa? Unaweza kuliandika hilo?

Kinywaji chenye alama ya ubora kimekaguliwa kama kinywaji. Alama hiyo haimaanishi kuwa ni dawa. Pia, utafiti wa kweli haumtozi mgonjwa bei ya dawa inayojaribiwa. Anayekualika kwenye "jaribio" na kukutaka ulipe, mtilie shaka.

Zoezi la kujipima

1. Juma na mkewe wanaona vizuri, lakini mtoto wao ana retinitisi pigmentosa. Jirani anasema ni laana. Utamjibuje?
2. Mama mmoja anataka kuuza mbuzi wawili anunue mashine ya maji ya haidrojeni kwa mwanawe asiyeona usiku, ambaye hajawahi kupimwa. Aanze na nini?
3. Kwa nini "nimekunywa miezi mitatu na sijazidiwa" si ushahidi wa kutosha?

Majibu

1. Huenda wazazi wote wawili wamebeba jeni yenye hitilafu bila kuugua. Kila mimba yao ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Hakuna laana wala wa kulaumiwa.
2. Aanze kwa kumpeleka mtoto kupimwa. Huenda ni upungufu wa vitamini A au haja ya miwani. Na ukiwa ni ugonjwa wa kurithi, pesa za mbuzi hao zitamsaidia zaidi kwenye nauli ya kliniki, miwani na masomo.
3. Ugonjwa huenda polepole, na hata asiyetumia chochote anaweza kukaa miezi mitatu bila kuona mabadiliko.

Utafiti kuhusu haidrojeni na retina unaendelea, na matokeo ya panya yanastahili kufuatiliwa kwa makini. Siku majaribio ya watu yatakapothibitisha faida, ushauri huu utabadilika. Hadi wakati huo, mkazi anahimizwa kumpeleka mgonjwa wake kliniki ya macho kwanza, na kulisoma somo hili pamoja na jirani asiyeweza kulisoma mwenyewe.